Pomboo si Samaki: Malezi, Undugu na Hatari Inayowakabili



Kila ifikapo msimu wa likizo, familia nyingi hupanga safari ya kwenda baharini, na watoto huwa na maswali mengi kuliko majibu tuliyo nayo sisi wazazi. Miongoni mwa maswali hayo ni hili: je, pomboo ni samaki? Mtu mzima hujibu haraka kwamba ndiyo, kwani anaishi majini, ana mapezi na chakula chake ni samaki. Jibu hilo si sahihi, na kosa lake lina madhara. Anayemdhani pomboo kuwa ni samaki humhesabu kama anavyohesabu samaki: wakipungua leo, kesho watazaliana wengine. Katika safu ya wiki hii tunakusudia kueleza namna pomboo anavyoishi, anavyolea na anavyofundisha wanawe, ili ibainike kwa nini hesabu ya samaki haimfai hata kidogo.

Anavuta pumzi na kunyonyesha

Pomboo ni mnyama anayenyonyesha, kama alivyo ng'ombe, mbuzi au nguva. Hana matamvua ya kuchuja hewa majini. Ana mapafu, na pua yake imepanda hadi utosini, ikawa tundu moja linalofunguka anapoibuka na kujifunga anapozama. Joto la mwili wake linakaribiana na la mwanadamu. Mkia wake umelala, nao hupiga maji juu na chini, ilhali mkia wa papa na wa samaki wengine umesimama, hupiga kushoto na kulia.

Mzazi aliye chomboni anaweza kumwonesha mwanawe tofauti hiyo kwa macho. Pezi la mgongoni la pomboo huibuka, likapinda na kuzama mfano wa gurudumu linalozunguka, na aliye karibu husikia mpumuo wake. Pezi la papa hukata maji moja kwa moja, kimya, bila pumzi yoyote.

Kwa pomboo, kupumua ni kazi ya kukusudia. Hawezi kulala fofofo kama tulalavyo sisi, kwa kuwa akijisahau atakosa hewa. Kwa hiyo hulala nusu kwa nusu: upande mmoja wa ubongo hupumzika huku wa pili ukikesha, kisha hupokezana. Usingizi wa namna hiyo huhitaji mahali penye utulivu, na jambo hili tutalirejea huko mbele.

Mimba yake huchukua takribani mwaka mmoja, naye huzaa mtoto mmoja. Mara nyingi mtoto hutangulia mkia, kisha hupanda juu kuvuta pumzi yake ya kwanza, mama akiwa ubavuni. Hunyonya chini ya maji, maziwa mazito yenye mafuta mengi. Kwa pomboo wa aina inayopatikana kwetu, kunyonyesha kunaweza kuendelea kwa miaka mitatu au zaidi.

Jamaa yenye matawi mengi

Wataalamu wanahesabu aina zipatazo 38 katika jamaa ya pomboo wa baharini. Ndani yake wamo wadogo na wakubwa mno. Pomboo wa Hector, anayeishi katika bahari ya New Zealand peke yake, hana urefu unaozidi mita moja na nusu kwa kiasi kikubwa. Upande wa pili yumo yule mnyama mweusi mwenye mabaka meupe ambaye watu humwita nyangumi muuaji. Jina hilo limewapoteza wengi, kwani kwa nasaba yeye ni pomboo, tena ndiye mkubwa kuliko wote. Dume lake huweza kufikia urefu wa mita tisa.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, watatu ndio wanaofaa kujulikana kwanza.

Wa kwanza ni pomboo mwenye mdomo mfano wa shingo ya chupa. Huyu ndiye anayeonekana sana Kizimkazi, kusini mwa Unguja, na pia katika eneo la Kisite na Mpunguti, kusini mwa pwani ya Kenya. Hukaa karibu na nchi kavu, kwa vikundi vidogo vinavyoungana na kuachana mchana kutwa.

Wa pili ni pomboo wa nundu. Pezi lake la mgongoni limekaa juu ya nundu ndefu, na rangi yake ni ya kijivu. Ni mwenye haya, huepuka vyombo, na hupenda maji ya kina kifupi karibu na ufuko, mahali pale pale ambapo binadamu huvua, hujenga na kumwaga taka. Kwa sababu hiyo yuko taabuni. Mwaka 2017 IUCN, taasisi ya kimataifa inayotunza orodha ya viumbe walio hatarini, ilimweka katika daraja la wanaokabiliwa na hatari ya kutoweka. Katika Ghuba ya Menai huonekana pengine akitembea kundi moja na yule wa mdomo wa chupa, ingawa wao ni aina mbili tofauti.

Wa tatu ni yule anayeruka juu na kujizungusha hewani kama pia, mara nyingine mizunguko sita au saba kabla hajaanguka. Huyu hupenda maji ya kina kirefu, kama yale ya Mkondo wa Pemba. Usiku huwinda samaki wadogo na ngisi wanaopanda kutoka vilindini, na mchana hutafuta maji tulivu apumzike. Anayemkuta mchana asidhani kwamba amemkuta akizurura bure. Huenda amemkuta katika saa zake za kulala.

Kila mmoja na jina lake

Maji ya bahari mara nyingi huwa na kiza au mchanga, na macho hayafiki mbali. Sauti, kwa upande wake, husafiri majini kwa kasi inayozidi mara nne ile ya hewani. Pomboo amejaaliwa kuitumia sauti kama sisi tunavyotumia nuru. Hutoa milio mifupi ya haraka kutoka kichwani, ikipitia kwenye uvimbe wa mafuta ulio katika paji lake. Milio hiyo ikigonga kitu hurudi kama mwangwi, naye huupokea kupitia taya lake la chini. Kwa mwangwi huo hutambua umbali, ukubwa na hata samaki aliyejificha chini ya mchanga.

Zaidi ya milio hiyo, pomboo wa mdomo wa chupa ana mbinja. Katika miezi yake ya mwanzo mtoto hujitungia mbinja yake mwenyewe, isiyofanana na ya mwingine, naye hujitambulisha kwayo maisha yake yote. Mwaka 2013 watafiti Stephanie King na Vincent Janik wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, walieleza jaribio walilolifanya baharini: waliwachezea pomboo nakala za mbinja mbalimbali, na kila pomboo alielekea kuitika aliposikia mbinja yake mwenyewe. Mwaka huo huo mtafiti Jason Bruck wa Marekani alionesha kwamba pomboo waliotenganishwa waliendelea kuitambua mbinja ya mwenzao wa zamani hata baada ya zaidi ya miaka 20. Mnyama anayeitika jina lake na kumkumbuka rafiki kwa miongo miwili hawezi kuhesabiwa kwa kilo.

Mama ni shule

Katika ghuba ya Shark Bay, magharibi mwa Australia, tangu miaka ya 1980 watafiti wamekuwa wakiwafuatilia pomboo wa aina ile ile ya Kizimkazi. Waliona baadhi yao wakiogelea huku wamevaa sponji ya baharini kwenye mdomo. Kumbe pomboo hao hung'oa sponji, wakaivaa kama glavu, kisha hupekua chini ya bahari kutafuta samaki waliojificha bila kujeruhiwa na mawe na vipande vikali. Si pomboo wote wa ghuba hiyo wanaoijua kazi hii. Mtoto huipata kwa mama yake, na mabinti ndio wanaoishika zaidi. Mama asiyeijua hana cha kumrithisha mwanawe, na mama akifa mapema, elimu hiyo hukatika katika nyumba yake.

Maajabu makubwa zaidi yapo kwa wale wakubwa weusi wenye mabaka meupe. Katika pwani ya Pasifiki, kati ya Marekani na Kanada, yako makundi yanayoishi kwa kula samaki, hasa samoni. Humo watoto, wa kike na wa kiume, hubaki na mama yao maisha yao yote. Jike huacha kuzaa akikaribia miaka 40, lakini huweza kuishi miongo mingi baadaye. Wataalamu walijiuliza: huyo bibi asiyezaa tena ana kazi gani? Jibu limepatikana kwa kufuatilia familia hizo kizazi baada ya kizazi. Mwaka samoni wanapokuwa haba, mabibi ndio hutangulia mbele kuwaongoza wengine penye chakula. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionesha kwamba mjukuu aliyefiwa na bibi yake huwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa katika miaka miwili inayofuata, hasa miaka ya njaa. Walio na bibi nyumbani wataelewa bila kuhitaji takwimu.

Katika makundi hayo hayo, mwezi Julai 2018, jike mmoja alijifungua binti aliyeishi kwa muda wa nusu saa hivi. Mama hakumwacha. Alimbeba kichwani na mdomoni kwa siku 17, akimwibua kila alipoteleza, katika safari ya takribani kilomita 1,600. Wanasayansi huchukia kumvisha mnyama hisia za binadamu, na wana haki ya kuwa waangalifu. Hata hivyo ni wachache walioziona picha zile wakakosa la kusema kuhusu mapenzi ya mama.

Tusiwafanye malaika

Haki ni kusema yote. Pomboo ni mwindaji, na maisha yake yana ukali wake. Kule Shark Bay madume huungana wawili wawili au watatu watatu kumzingira jike, na miungano hiyo hushindana na mingine. Baadhi ya wale wakubwa weusi huwinda sili na hata pomboo wenzao wadogo. Tabasamu tunaloliona katika mdomo wa pomboo ni umbo la taya tu; hata akiwa na maumivu, sura yake ni ile ile. Anayetaka kujua hali yake na autazame mwendo wake.

Pamoja na hayo, panapo subira, yeye na binadamu wameweza kufanya kazi bega kwa bega. Katika mji wa Laguna, kusini mwa Brazili, kwa zaidi ya karne moja wavuvi wa kimia wamekuwa wakisimama majini wakiwangoja pomboo. Pomboo huwaswaga mkizi kuelekea kwa wavuvi, kisha hutoa ishara kwa kichwa au mgongo, na wavuvi hutupa kimia. Wavuvi hupata, na pomboo huwadaka mkizi waliotawanyika. Vijana wa mji hujifunza kwa baba zao, na pomboo wadogo hujifunza kwa mama zao.

Hesabu yetu sisi

Sasa turudi nyumbani. Chewa mmoja mkubwa huweza kutaga mayai kwa malaki. Jike la pomboo wa mdomo wa chupa huanza kuzaa akiwa na umri wa takribani miaka 12, na baada ya hapo hupata mtoto mmoja kila baada ya miaka mitatu hadi sita. Watoto wengi hufa kabla hawajaachishwa ziwa. Tukimpa jike miaka 28 ya uzazi, na mtoto mmoja kila miaka minne, jumla yake ni watoto saba katika umri wake wote, na watakaofikia utu uzima ni wachache kuliko hao. Watafiti waliowahesabu pomboo wa upande wa kusini wa Unguja kati ya mwaka 1999 na 2002 walikadiria wale wa mdomo wa chupa kuwa chini ya 200, na wale wa nundu kuwa chini ya 70. Katika jamii ndogo kiasi hicho, majike wawili wakipotea kwa mwaka, pengo lao huonekana kwa miaka mingi.

Wanapoteaje? Zamani Kizimkazi walichomwa kwa chusa, na nyama yao ikawa chambo cha papa. Desturi hiyo iliachwa katika miaka ya 1990, wakati wageni walipoanza kuja kuwatazama, na mwaka 1997 Ghuba ya Menai ikawa eneo la hifadhi. Hatari iliyobaki kubwa ni nyavu za jarife, zile zinazoachwa zikielea usiku na zile zinazowekwa chini. Uzi wa nailoni ni mwembamba, na pomboo huchelewa kuutambua. Akishanaswa hawezi kupanda juu, na mnyama huyu aliyezaliwa baharini hufa kwa kukosa hewa. Mvuvi naye hakumkusudia, na hubaki na wavu uliochanika. Vifaa vidogo vya kutoa mlio vinavyofungwa kwenye nyavu ili kuwatahadharisha vimejaribiwa katika nchi kadhaa, Zanzibar ikiwamo. Inafaa vyama vya wavuvi viulizie habari zake.

Hatari ya pili inatuhusu sisi tunaokwenda kutembea. Boti nyingi zikilizingira kundi moja, zikalikata njia na kuwarushia watu majini mbele yake, pomboo hawapati nafasi ya kulala, kula wala kunyonyesha. Utafiti uliofanywa kusini mwa Unguja na kuchapishwa mwaka 2010 ulibainisha jambo hilo: boti za watalii zinapokuwapo, muda wa pomboo kupumzika, kula na kuchezeana hupungua, na muda wa kukimbia huku na huko huongezeka. Kumbuka tuliyoyasema kuhusu usingizi wake wa nusu kwa nusu. Kumkimbiza asubuhi nzima ni sawa na kumnyang'anya mama mzazi usingizi, kila siku, msimu mzima.

Ni kweli kwamba manahodha wanatafuta riziki, nao wana watoto wa kulisha. Lakini nahodha hukimbiza kwa sababu abiria wake amedai afikishwe karibu, na anaogopa kwamba asipofanya hivyo mgeni atanuna na kesho atachukua boti nyingine. Basi ufunguo mmoja uko mikononi mwa abiria.

La kufanya familia inapokwenda

Kabla chombo hakijang'oa nanga, baba au mama azungumze na nahodha kwa heshima: "Nahodha, sisi hatuna haraka. Tusiwakimbize; tukiwaona kwa mbali, tutaridhika." Neno hilo humwondolea mzigo.

Mkilifikia kundi, chombo kipunguze mwendo na kiende sambamba nalo kwa ubavu, kisilikate mbele wala kulifuata kwa nyuma. Zikiwapo boti mbili tayari, yenu isubiri mbali. Mkiona mama na mtoto, msipite kati yao. Msiwatupie chakula wala kuwagusa, na msiruke majini kwa kishindo. Wakizama na kugeuza njia mara kwa mara, au wakipiga maji kwa mkia, hiyo ni lugha yao ya kusema wamechoka, na adabu ni kuondoka. Wakiamua wenyewe kusogea, zimeni injini au iacheni ingurume taratibu, muwatazame.

Watoto wapewe kazi: wahesabu vichwa, watazame umbo la mapezi, wasikilize mpumuo, watambue yupi ana nundu na yupi hana. Wakirudi waandike walichokiona. Mtoto aliyefundishwa kutazama hivyo hatamdai nahodha amfukuzie mnyama, na atakapokuwa nahodha au mvuvi yeye mwenyewe, atakuwa na jambo la kuwafundisha wengine.

Kizimkazi ilijulikana kwa msikiti wake wa kale, wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, kabla haijajulikana kwa pomboo. Vizazi vingi vimeutunza msikiti ule mpaka ukatufikia. Pomboo wa ghuba ile hawahitaji chokaa wala mawe. Wanahitaji nyavu ziwekwe kwa uangalifu, na asubuhi wapatiwe nafasi ya kulala.

Tukutane wiki ijayo, inshaallah.